Jina la Anayekungoja

Katika nchi ile tiketi ya basi haiandikwi jina lako. Jina lako halimhusu mtu. Huandikwa namba ya kiti chako, na chini yake jina la anayekungoja huko uendako, kama vile watu wanavyoandika juu ya gunia la viazi au ndoo ya asali inayopakiwa kwenye buti. Basi likifika, kondakta husimama mlangoni na kuita majina hayo moja baada ya jingine. Akiitika mtu, unashuka. Asipoitika mtu, unabaki kitini, basi linageuza, nawe unarudi nalo ulikotoka. Nani aliitunga sheria hii sijui. Nilipokuwa kijana niliiona ya kipuuzi, nikisema mtu ni mtu, awe anangojwa au hangojwi. Siku hizo nilikuwa na meno yote, na mwenye meno yote husema mengi.

Kwa miaka kumi na tisa niliishi Mji wa Juu, nikitengeneza miavuli. Mvua ya huko haichoki, kwa hiyo sikukosa kazi. Nilikaa barazani nikinyoosha mbavu za miavuli ya watu, nikitia viraka, na kila jioni nililiona basi la buluu likiingia kutoka Mji wa Chini, nyumbani kwetu. Sikuwahi kwenda kulitazama. Nilijiambia nina kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa mtu akishuka humo ataniuliza swali, na swali lenyewe nilikuwa nalijua.

Niliondoka nyumbani asubuhi, saa mbili na robo. Mama alikuwa mgonjwa, mdogo wangu Semeni alikuwa anamkanda miguu. Nikasema naenda Mji wa Juu kutafuta kazi, nitarudi Ijumaa. Semeni akauliza, "Ijumaa hii, kaka?" Nikafunga mlango. Mama akafa mwaka wa pili, habari zikanifika, nikasema nitakwenda Ijumaa. Aibu ni kitu cha ajabu, inakufanya umkimbie yule yule unayetamani kumwona. Ijumaa zimepita karibu elfu moja, na hakuna hata moja ambayo sikumkumbuka Semeni. Naisema hapa waziwazi kwa sababu kule barazani sikuwahi kumwambia mtu: nilimkumbuka mdogo wangu mpaka mikono ikawa mizito, miavuli ya watu ikalala siku tatu bila kuguswa. Hakuna mwingine aliyebaki duniani aliyeijua sauti yangu kabla haijavunjika.

Ndipo siku moja nikauchukua mwavuli mmoja mweusi ambao mwenyewe hakuurudia, nikaubadilisha mbavu zote nane, nikautia kiraka cha kijani, nikauweka katika begi. Nikaenda stendi, kwenye dirisha la tiketi.

"Nani anakungoja?" akauliza mama mkata tiketi bila kuinua uso.

"Semeni. Mdogo wangu."

"Ana habari kwamba unakwenda?"

"Hana."

Hapo akainua uso. "Baba, wenye habari wenyewe hawaji." Lakini akaandika: kumi na saba, Semeni.

Basi lilikuwa la buluu, lenye mstari mweupe ubavuni, na ndani yake mlikuwa na saa ya ukutani juu ya kichwa cha dereva. Kila abiria aliyeitazama aliona saa yake mwenyewe. Mimi niliona saa mbili na robo. Nikaitazama tena baada ya mwendo mrefu, tulipokwisha kushuka milima na masikio kuziba na kuzibuka. Ilikuwa saa mbili na robo. Kondakta alipita akikagua tiketi. Hakuuliza jina la mtu. Alisema, "Nne. Tano. Kumi na saba, begi lako lisukume ndani." Katika nchi ile mtu anajulikana kwa kiti chake, na ukihama kiti umehama na mambo yako yote. Nililicheka jambo hilo moyoni. Nilikuwa sijajua bado.

Kiti cha kumi na nane, jirani yangu, kilikuwa kitupu. Kwa upweke nikaenda nyuma kunyoosha miguu, na huko nikawakuta wale ambao hawajaitikiwa. Viti vya nyuma ni vyao. Walikuwa wametandika mikeka, wametundika mashati dirishani yakauke kwa upepo, mmoja ananyolewa. Mwanamke mmoja anayeitwa Bi Kidawa, mwenye hina mpya mikononi kana kwamba anakwenda harusini, akanisogezea nafasi.

"Umemwandika nani?" akauliza.

"Mdogo wangu."

"Mwenye bahati. Mimi safari ya kwanza nilimwandika mume wangu. Kondakta kaita, mume wangu kimya. Nami namwona kwa macho yangu mawili, kasimama kwenye kibanda, anachagua chapati iliyoiva."

"Hukumwita?"

"Abiria haiti, kondakta ndiye anayeita. Safari ya pili nikawa mjanja, nikaandika Mariamu. Stendi gani isiyo na Mariamu?"

"Ikawaje?"

"Wakaitika watatu. Wakaja mlangoni, wakanitazama, wakatazamana. Mmoja akasema, pole, dada, si mimi. Wale wawili hata pole hawakusema." Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Siku hizi naandika jina lolote linalonijia. Napenda tu kusikia likiitwa. Kwa kitambo kile kidogo, kabla halijanyamaziwa, nakuwa mtu."

Nikarudi kitini kwangu na maneno hayo. Nje nchi ilikuwa ikipita, mashamba ya alizeti, kisha mawe, kisha miiba, kisha nyumba moja yenye bati jekundu na mwanamke anayetwanga, kisha miiba tena. Nilijiuliza jambo ambalo tangu hapo halijaniacha: mtu ni yule anayeitwa, au ni yule anayeitika? Kama ni anayeitwa, basi Semeni ndiye aliyekuwa mtu katika tiketi yangu, mimi nilikuwa mzigo tu wenye jina lake. Na kama ni anayeitika, mimi sijawahi kumwitikia mtu. Nimekuwa nikiondoka.

Asipoitika.

Akiitika, kisha akaniona, kisha akasema, pole, si mimi.

Akiwa amehama. Akiwa yupo kwenye kibanda cha chapati.

Akiwa ameolewa na ana watoto, na watoto wanauliza, mama, nani huyo anayechungulia dirishani, na yeye anasema, simjui.

Jua lilikuwa utosini, hakuna kitu chenye kivuli, basi liliposimama katikati ya nyika. "Kuchimba dawa!" akapiga kelele kondakta. "Dakika tano!" Msafiri wa nchi ile hahitaji maelezo zaidi ya hayo, ni kuingia vichakani na kujisaidia, kila mtu na kichaka chake. Desturi ni moja, haina mjadala: wanawake upande wa mawio, wanaume upande wa machweo. Basi letu lilikuwa limesimama ukingo wa mawio, mlango wake umeelekea huko huko, kwa hiyo sisi wanaume tulilizunguka kwa mbele, tukavuka lami, tukaingia miibani upande wa pili. Mimi ni mtu wa haya. Nikaenda mbali kuliko wenzangu.

Nikiwa huko nikasikia basi jingine likija kutoka Mji wa Chini, likisimama, na sauti nyingine ikipiga kelele za kuchimba dawa. Sikujali. Kisha honi zikaanza kulia. Nikakimbia nikifunga mkanda, suruali imejaa vishada vya majani makavu, nikatokea barabarani na kuona mbele yangu basi la buluu lenye mstari mweupe, mlango wazi, injini inanguruma. Nikapanda. Nani asingepanda? Wanaume wenzangu walikwisha kuwa ndani zamani. Mlango ukafungwa mgongoni pangu, basi likaondoka.

Kumi na saba, dirishani, kama nilivyokiacha. Ila juu yake palikuwa na kanga iliyokunjwa, na kile cha kumi na nane sasa kilikuwa na mama mnene anayemenya karanga za kuchemsha. Nikadhani amepandia pale nyikani.

"Samahani, mama. Kanga yako."

"Yangu ya nini? Hiyo ni yako. Kaa, dada, tuendelee."

"Mama, mimi mwanamume."

"Sikatai," akasema, akinitazama vizuri tangu juu mpaka chini bila kushangaa. "Lakini wewe si kumi na saba?"

"Ni mimi."

"Basi. Na mimi ni Mama Chausiku, kama umenisahau. Ulifikia pale kaka yako aliposema atarudi Ijumaa."

Nikaishika ile kanga. Ilikuwa na harufu ya mafuta ya nazi na moshi wa jiko la kuni, na zaidi ya hapo harufu ambayo sina neno lake, harufu ya chumba fulani chenye dirisha moja. Niliona nikikataa tena Mama Chausiku atanyamaza, na kitu pekee nilichotaka duniani ni asinyamaze.

"Nimesahau nilivyokuwa nasema," nikamwambia. "Nikumbushe."

"Watu wa siku hizi!" Akanitilia karanga kiganjani. "Ulisema hivi. Mama yenu siku ya mwisho macho yalikuwa hayaoni tena. Akaita, Mlekwa. Kimya. Akaita tena, Mlekwa. Wewe upo pale unamkanda miguu. Ukaona mtu anayekufa hawezi kuita mara ya tatu bila kujibiwa. Ukaifanya sauti yako nzito, sauti ya kaka yako, ukasema, Nipo, mama. Akakuuliza, Umekula? Ukasema, Nimekula. Basi akatulia, akaenda zake."

Mlekwa ni mimi. Karanga zikanimwagika mapajani. Mama Chausiku akaziokota moja moja, bila haraka.

"Hapo ndipo ulipolia," akasema. "Naona unalia tena. Ulisema umemwibia kaka yako. Neno lile lilikuwa lake kulisema, ukalisema wewe. Kila siku jioni umekwenda stendi, saa ya basi, ukasimama pale yanaposhushwa magodoro, ukasikiliza majina, labda litaitwa lako, aje, umwombe radhi."

"Anaombwa radhi yeye?"

"Ndivyo ulivyosema. Mimi nilikuambia huyo kaka anastahili bakora. Ukanikasirikia, kidogo tugombane."

Miaka kumi na tisa nilikuwa nikimkimbia mtu aliyekuwa akinitafuta anitake radhi. Niliinamisha uso katika kanga yake, nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni, na sikuona haya. Watu wa viti vya mbele waligeuka, wakaona ni kumi na saba tu, wakaendelea na mambo yao.

"Kisha juzi," Mama Chausiku akaendelea, "ukaona basi, imetosha. Asiponijia nitamwendea. Ukaenda dirishani ukaandika jina lake, ingawa hujui kama yu hai. Nikakuuliza, na asipoitika? Ukasema nisipompata safari hii nitapanda kesho, na kesho kutwa, mpaka mabasi yanichoke. Una kichwa kigumu wewe. Lakini mzuri."

Wakati huo jua lilikuwa limeanza kuinama. Likanipiga shavu la kushoto. Nikajisogeza, nikafumba macho, kisha nikayafumbua. Anayeshuka Mji wa Chini, jua la alasiri humpiga shavu la kulia. Hilo hujifunza kila mtu kwetu kabla hajajua kuhesabu.

"Mama Chausiku, basi hili linakwenda wapi?"

"Juu, mwanangu. Wapi tena?"

Nikasimama. Nikaona kila kitu kwa mara moja, kama mtu anayewashiwa taa ndani ya ghala. Basi la Semeni, hili nililomo, lilikuwa limesimama ukingo wa machweo, mlango umeelekea kichaka changu. La kwangu lilikuwa ukingo wa mawio, mlango umeelekea kichaka chake. Yeye naye ni mtu wa haya, tulilelewa na mama mmoja. Yeye naye alikwenda mbali, akasikia honi, akakimbia, akapanda basi la buluu la kwanza alilolikuta limefungua mlango. Kwa muda wa dakika tano tulikuwa hatua mia moja mbali, mdogo wangu na mimi, kila mmoja amechuchumaa katika kichaka chake. Sasa alikuwa amekaa kitini pangu, begi langu juu ya kichwa chake, akirudishwa kule alikotoka.

"Simamisha!" nikapiga kelele. "Dereva, geuza! Dada yenu mmemwacha!"

"Kumi na saba, kaa chini," akasema kondakta.

"Si mimi kumi na saba!"

"Kiti unakikalia, namba unaikana?" Hakusema kwa ubaya. Akanishika bega akanikalisha. "Basi haligeuzi njiani, mzee. Linageuza likifika."

Nikatazama saa juu ya dereva, maana basi hili nalo lilikuwa nayo. Ilikuwa ikitembea. Sijui ilianza lini.

Tuliingia Mji wa Juu jioni, mvua ikinyesha. Nilipaona barazani pangu kupitia kioo, na kigoda changu, na miavuli ya watu imetundikwa. Kondakta akasimama mlangoni akaanza kuita. Watu wakaitika kutoka chini ya mabati ya stendi, abiria wakashuka wakikumbatiwa, Mama Chausiku akaitikiwa na mabinti wanne kwa mpigo. Nyuma yangu walikuwapo wengine wa mikeka na mashati, kama wale wa Bi Kidawa, nao hawakujisumbua kusimama.

"Kumi na saba! Anayemngoja ni Mlekwa! Mlekwa yupo?"

Stendi kimya. Mvua ikapiga mabati.

"Mlekwa!"

Abiria haiti, na katika historia ya mabasi yale sijui kama abiria aliwahi kuitika. Lakini nilijua nikinyamaza, kanga ile na kiti kile vitarudi chini vikiwa havijapokelewa, na Semeni atakuwa ameandika jina la mtu asiyekuwapo. Nikafikiri pia juu yake. Kule chini saa hiyo hiyo mlangoni linaitwa jina la Semeni, na hakuna wa kuitika isipokuwa yeye mwenyewe aliye ndani. Angeitika. Huyo aliyewahi kuitika kwa ajili ya mwingine asingeshindwa kuitika kwa ajili yake.

"Nipo," nikasema. Ilitoka sauti nyembamba, sauti iliyozoea kujificha.

Kondakta akanitazama, akatazama orodha, akafuta kwa kalamu. "Shuka basi. Umejipokea."

Asubuhi nilikuwa wa kwanza dirishani. Basi lilikuwa tayari, injini inanguruma, kondakta anapiga ubavu wa bati: "Kumi na saba iko wazi! Ya dirishani! Anayekwenda aende!" Miguu yangu ilikwisha kuanza. Mimi nimezoea kuondoka. Ukinionyesha mlango wazi nimekwisha kutoka. Moyo ulikuwa ukiniambia kimbia, mfuate, mwendo wa saa nane tu uko naye. Na moyo ule ule ndio ulionipandisha basi lisilo langu.

"Unasafiri au unapokea?" akauliza yule mama mkata tiketi. "Dirisha ni hili hili, usinisimamie."

Alisema atapanda kesho, na kesho kutwa. Nikienda, tutapishana tena mahali fulani nyikani, yeye dirisha la huku, mimi dirisha la kule, buluu kwa buluu. Yeye amengoja miaka kumi na tisa. Na mimi ningoje.

"Napokea," nikasema.

Nikasimama pale yanaposhushwa magodoro. Sikujua kungoja ni kazi. Kutengeneza mwavuli unaona ubavu unanyooka, lakini anayengoja haonyeshi kitu mwisho wa siku. Jioni basi likaja, majina yakaitwa, langu halikuwamo. Siku ya pili halikuwamo. Nikaelewa alivyosimama, mguu upi uliuma kwanza, jinsi unavyoanza kuyapenda majina ya watu wengine kwa sababu yanaitikiwa. Usiku sikulala, nikawaza labda amesema yeye naye atangoja, labda tumesimama wawili katika stendi mbili mpaka tufe. Siku ya tatu nikaenda mapema, nimejifunga kanga yake kiunoni, watu wakacheka, nikawaacha wacheke.

Basi likaingia. Mlango ukafunguka. Wa nne akapokelewa, wa tano, wa kumi na mmoja.

"Kumi na saba! Anayemngoja ni Mlekwa!"

Mlangoni ikatangulia kutoka ncha ya mwavuli mweusi. Ukafunguka katika mvua, mbavu zote nane, na kiraka cha kijani kikaelekea kwangu.

"Mlekwa!" kondakta akaita mara ya pili.

Sikungoja aite mara ya tatu.

"Nipo," nikasema, na safari hii sauti ilikuwa yangu mwenyewe. Chini ya mwavuli mtu akasimama na mguu mmoja bado ngazini, akaniuliza kama nimekula.